MGENI AKISHAKAA, TUMWITE NANI?

Somo la kujifunza katika vikundi na katika mafundisho ya katikati ya juma

Mafungu ya kusoma mbele ya somo: Mwanzo 23, Kumbukumbu la Torati 23:3-8, Waamuzi 12:1-6, Yeremia 29:4-7, Ezekieli 47:21-23.



Somo hili linatoka katika neno moja lililosemwa nje ya hekalu, siku ya Jumapili, baada ya ibada. Akina mama walikuwa wakigawana kazi ya kupikia watu watakaokuja mkutanoni. Mama mmoja akatoa shauri lake. Mwenzake akamjibu: "Wewe nyamaza, haya ni mambo ya wenyeji." Mama huyo alizaliwa katika kartie ile ile, na baba yake vilevile. Hakujibu kitu. Alichukua kitenge chake akarudi nyumbani, na kwa majuma matatu kwaya haikumwona. Wazee walipokwenda kumtazama, aliwauliza swali moja tu: "Nikae miaka mingapi ndipo niwe mtu wa hapa?"

Wazee walirudi bila jibu. Tusiwacheke. Swali hilo Leta ya nchi yetu imelijibu kwa sheria mara tano, na kila mara kwa tarehe nyingine. Watu wameuawa kwa ajili yake. Basi tulitazame sisi pia, kwa Maandiko mkononi, na tusiogope kutaja mambo kwa majina yake.

Jembe na shamba

Sisi sote tunajua methali ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu apewe jembe. Watu huisema wakicheka, na ina akili ndani yake. Mgeni asiyefanya kazi ni mzigo, na mwenyeji anayemlisha mgeni milele anamfanya mtoto. Lakini angalieni mahali methali inapoishia. Inampa mgeni jembe. Haisemi shamba ni la nani. Atalima miaka 10, atazaa watoto, atazika mama yake katika udongo ule, na bado siku moja mtu atakuja kumwambia: jembe nilikupa, udongo sikukupa. Mabishano yote ya Kivu yanakaa hapo, kati ya jembe na udongo.

Jinsi watu walivyokuja

Wengi wanasema "Banyarwanda wa Kongo" kana kwamba ni watu wa safari moja waliofika usiku mmoja. Sivyo ilivyo.

Kuna wale ambao hawakuhama kamwe. Katika Bwisha, teritwari ya Rutshuru, watu wenye kusema Kinyarwanda walikuwako kabla Wazungu hawajachora mpaka. Wabelgiji, Wadachi na Waingereza walipatana juu ya mipaka ya upande huo mwaka 1910, wakiwa Brussels, na mstari ukapita kati ya vilima. Huyo hakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliomvuka yeye.

Kisha kuna wale waliohamishwa. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilianzisha kazi iliyoitwa Mission d'immigration des Banyarwanda, kazi ya kuwatoa watu Rwanda na kuwaweka Masisi. Rwanda ilikuwa na watu wengi na ardhi haba, na njaa kubwa ya miaka ya 1928 na 1929 ilikuwa bado haijasahauliwa. Upande wa Kivu walowezi Wazungu walitaka mikono ya kulima kahawa na chai. Kazi hiyo iliendelea kwa vipindi hadi 1955, na watu waliohamishwa wanahesabiwa kuwa 85,000 hivi. Wengi wa kwanza waliwekwa Gishari, mahali pa Bahunde. Gishari ilifanywa usheha wa peke yake, ukiwa na shefu wake Mnyarwanda, mpaka Wabelgiji wakauvunja mwaka 1957 na kuirudisha nchi chini ya Bahunde.

Baada yao wakaja wakimbizi wa 1959 na miaka iliyofuata, Watutsi waliokimbia mauaji ya Rwanda. Na mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, zaidi ya watu milioni moja waliingia Kivu kwa muda mfupi, wengi wao Wahutu, na kati yao askari na Interahamwe wenye damu mikononi. Mlioishi Goma mwezi wa Julai mwaka ule mnakumbuka kolera, na maiti zilizokunjwa katika mikeka kando ya barabara.

Hayo ni makundi manne, na kila moja lilipita mlango wake. Na hatujawataja Banyamulenge wa milima ya Uvira, Fizi na Mwenga, ambao mababu zao walipanda huko na ng'ombe kabla ya ukoloni kutulia. Mtu akiwatia wote katika kikapu kimoja, huyo hatafuti kweli, anatafuta mtu wa kumlaumu.

Lakini tumsikilize mwenyeji pia. Tumfikirie Muhunde wa Masisi. Mwaka 1937 hakuulizwa. Mwami wake aliitwa mbele ya Mzungu, na mbele ya Mzungu siku zile mtu hakusema hapana. Upande mwingine ardhi ilikwisha kuchukuliwa kwa ajili ya Parc Albert tangu 1925, na mashamba ya walowezi yakala sehemu yake. Mwaka 1973 ikatoka sheria inayosema ardhi yote ni mali ya Leta, na kwa sheria hiyo watu wenye fedha na wenye rafiki Kinshasa wakajipatia ferma kubwa za ng'ombe katika vilima vya Masisi. Kati yao walikuwamo Banyarwanda matajiri, na watu wa makabila mengine. Muhunde maskini akaamka akajikuta kibarua katika kilima cha babu yake, na Muhutu maskini aliyehamishwa 1937 akajikuta kibarua pembeni yake. Wawili hao walikuwa na kilio kimoja, lakini wakubwa waliwafundisha kutazamana kwa jicho baya. Uchungu wa mwenyeji ni wa kweli. Tukiufunika kwa mafungu ya Biblia tutakuwa tumedanganya.

Tarehe tano

Sasa tuone sheria. Tumfikirie mama aliyezaliwa Gishari mwaka 1940, wa wazazi walioletwa na Wabelgiji.

Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 ilisema Mkongomani ni yule ambaye babu yake mmoja alikuwa wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokaa katika nchi kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mama yetu akaanza kuwa na mashaka. Tarehe 26 Machi 1971 ikatoka amri yenye kusema watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kongo tarehe 30 Juni 1960 ni raia. Mama akawa raia. Tarehe 5 Januari 1972 sheria nyingine ikasema: ni wale waliokuwa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 na ambao wameendelea kukaa nchini. Mama akabaki raia, lakini jirani yake aliyefika 1952 akatoka nje. Tarehe 29 Juni 1981 sheria ikageuka kabisa na kurudi nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885. Anayetaka uraia na aombe peke yake, mtu kwa mtu. Mwaka 1982 hati zilizotolewa kwa ile sheria ya 1972 zikatangazwa kuwa batili. Mama, akiwa na miaka 41, akawa mgeni. Tena tarehe 12 Novemba 2004 sheria mpya ikasema ni Mkongomani wa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa Kongo wakati wa uhuru. Katiba ya 2006 ikashika neno hilo hilo. Mama, akiwa na miaka 64, akarudi kuwa raia.

Wapendwa, mama huyo hakuhama migomba yake. Jiko lake lilikuwa pale pale. Ni karatasi za Kinshasa zilizotembea.

Kwa nini sheria zilibadilika hivyo? Ile ya 1972 watu waliisema kuwa ni kazi ya mkubwa wa ofisi ya Rais Mobutu wakati ule, Barthélemy Bisengimana, aliyekuwa mwenye asili ya Rwanda. Iwe kweli iwe uvumi, jambo moja ni hakika: watu wa Masisi hawakukalishwa chini kuulizwa. Ile ya 1981 ilitungwa wakati wanasiasa wa Kivu walipoanza kuhesabu kura na kuona kwamba Banyarwanda ni wengi mno. Mara ya kwanza mwenyeji hakuulizwa, mara ya pili mgeni hakuulizwa. Sheria ya namna hiyo haipatanishi watu. Inangoja tu upande ulioshindwa upate nguvu.

Matunda yake tuliyaona. Katika Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991 na 1992 wajumbe wa Banyarwanda wa Kivu walikataliwa. Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, Walikale, na vita vikaenea Masisi. Maelfu walikufa, Banyarwanda, Bahunde na Banyanga, na wengi zaidi walikimbia. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la wakati ule, HCR-PT, likatoa azimio la kuwarudisha kwao wakimbizi na wahamiaji wote wa Rwanda na Burundi. Mtu aliyevuka mwaka 1994 na mtu ambaye babu yake alivuka 1937 waliwekwa katika neno moja. Mwaka uliofuata vita vilianza Uvira, na ninyi mnajua yaliyofuata.

Maandiko nayo yana mabishano

Wengine watasema: fungua Walawi 19:34, mpende mgeni, somo limekwisha. Fungu hilo ni la kweli na hakuna atakayelifuta. Lakini Israeli nao walikuwa na nchi ndogo, maadui wa kweli, na maulizo kama yetu. Mungu hakuwaacha na neno moja tu.

Someni Kumbukumbu la Torati 23. Humo mna sheria ya wageni, tena ina vizazi vilivyohesabiwa. Mwamoni na Mmoabu wamefungiwa mlango hata kizazi cha kumi, kwa sababu hawakuwapa Israeli mkate na maji njiani. Mwedomi na Mmisri, watoto wao wa kizazi cha tatu wanaingia katika mkutano wa Bwana. Na sababu ya kumkubali Mmisri inashangaza: kwa kuwa Israeli alikuwa mgeni katika nchi yake. Wapendwa, nchi ile iliwapiga viboko, iliwatupa watoto wao mtoni! Hata hivyo Mungu anawaambia wakumbuke kwamba walikula huko na kulala huko.

Shikeni hesabu ile: kizazi cha tatu. Mama wa kwaya yetu, ambaye baba yake alizaliwa katika kartie, na babu yake ndiye aliyekuja, ni kizazi cha tatu. Torati ya Musa ilikwisha kumjibu kabla yetu.

Na yule Mmoabu wa kizazi cha kumi? Hapo ndipo Maandiko yanabishana. Ezra sura ya 9 na ya 10 wanawake wa kigeni wanafukuzwa pamoja na watoto wao, na kati yao wametajwa Wamoabu. Lakini kitabu cha Ruthu kinatuonyesha Mmoabu mmoja, mjane, aliyeokota masuke nyuma ya wavunaji, na mtoto wa mwanawe ni Yese baba ya Daudi. Vitabu viwili, Biblia moja. Kwa fikira yangu Mungu aliviacha vyote viwili ili tujue kwamba hofu ya Ezra haikuwa ya kipumbavu, maana watu wake walikuwa wachache na wametoka utumwani, karibu kumezwa. Lakini mstari wa Masihi ulipita kwa Ruthu.

Ezekieli 47 anakwenda mbali zaidi. Nabii huyo aliandika akiwa uhamishoni, nyumba yake imekwisha kuchukuliwa na wengine. Angeweza kuota nchi isiyo na mgeni hata mmoja. Badala yake anapogawa nchi anaamuru wageni waliozaa watoto kati ya Israeli wahesabiwe kama wazaliwa, na wapewe urithi katika kabila lile wanalokaa. Urithi maana yake ardhi. Methali yetu iliishia kwenye jembe, Ezekieli alifika kwenye shamba. Tena angalieni alama anayoitumia: kuzaa watoto kati yenu. Haulizi tarehe ya kuingia.

Ibrahimu langoni

Lakini shamba linapatikanaje? Mwanzo 23 ni fungu ambalo kila mgeni na kila mwami wa Kivu angepaswa kulisoma mara moja kila mwaka.

Sara amekufa. Ibrahimu ni tajiri, ana watumishi wengi wenye silaha, na zaidi ya hayo ana ahadi ya Mungu kwamba nchi yote ni yake. Angeweza kuchukua. Anasimama mbele ya Wahiti, anajiita mgeni na mpitaji kati yao, anainama mbele ya watu wa nchi. Anaomba mahali pa kuzika. Efroni anamwambia ni zawadi tu. Ibrahimu anakataa zawadi, kwa sababu zawadi ya leo ni kesi ya kesho. Anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote waliokuja langoni pa mji. Shamba, pango lililomo, na miti yote ya mipakani inatajwa.

Linganisheni hayo na yaliyofanyika kwetu. Gishari ilitolewa kati ya Mzungu na mwami aliyeogopa. Ferma zilinunuliwa ofisini Kinshasa, mbali na watu waliokuwa wakilima pale. Hakuna lango, hakuna mashahidi, na miti ya mipakani haikutajwa. Mwenye ahadi ya Mungu mfukoni aliinama, na wenye karatasi ya waziri tu hawakuinama. Ndugu zetu wenye asili ya Rwanda wasikasirike tukisema hivi. Wengi wao hawakununua kitu, waliletwa wakiwa mizigo katika lori. Lakini wale walionunua namna ile waliwaachia watoto wa maskini wao deni ambalo limelipwa kwa panga.

Shiboleti

Fungu la Waamuzi 12 ni fupi, na ni baya. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kupita waliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, waliambiwa waseme neno moja, Shiboleti. Ulimi ukishindwa na herufi ile, mtu aliuawa pale pale. Waliuawa 42,000. Na wote walikuwa wana wa Israeli, wa ukoo mmoja wa Yakobo.

Nani kati yetu hajaona barieri ya namna hiyo? Kamba njiani, vijana wenye macho mekundu. Wanatazama pua, wanatazama urefu, wanakwambia utaje maharagwe kwa lugha ya kwenu. Katika vita vya 1993, vya 1996, vya 1998, kila upande ulikuwa na Shiboleti yake, na kila upande ulikuwa na Wakristo waliobatizwa wakishika kamba. Mnanyi anayesoma somo hili anajua kama mkono wake ulikuwa pale.

Kuna jambo la kusema wazi kwa sababu ya wakati tulio nao. Tangu mwisho wa mwaka 2021 vita vya M23 vilirudi, na mwezi wa Januari 2025 Goma ikachukuliwa, na Bukavu mwezi uliofuata. Kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Torati inamtaka mgeni ashike sheria moja na mzaliwa (Kutoka 12:49), na mwenye kuja na bunduki hakuja kuomba kuketi. Kanisa halitachanganya mtu huyo na mgeni wa Walawi. Lakini jirani yako anayeuza maziwa hakuwa na bunduki jana na leo hana. Ukimlipisha yeye kwa kazi ya askari kwa sababu ulimi wao unafanana, umesimama katika kivuko cha Yordani.

Kanisa lililokua ugenini

Sisi hasa hatuna ruhusa ya kusahau. Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwezi wa Septemba 1921, na tarehe 3 Oktoba mwaka ule, Thysville, alihukumiwa viboko 120 na kifo. Hukumu ya kifo iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akapelekwa Elisabethville, Katanga, mwisho mwingine wa nchi. Alikaa huko gerezani miaka 30, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Mtu wa Nkamba, wa lugha ya Kikongo, alikufa katika mji wa Kiswahili.

Pamoja naye waamini walitawanywa. Masimulizi ya Kanisa yanahesabu familia 37,000 zilizopelekwa relegasyo, mbali na kwao: Équateur, Kasai, Katanga, Haut-Congo. Lowa, kando ya mto Lualaba, palikuwa na kambi ya watu walioitwa hatari. Siku zile mtu mweusi hakuweza hata kukaa nje ya teritwari yake bila karatasi ya mkubwa, nao walikuwa na karatasi yenye kusema kwamba wao ni adui. Wenyeji wa mahali pale waliambiwa: msikaribie hao.

Lakini walikaribia. Wazee wetu walifika bila kujua neno la Kiswahili wala la lugha za mto. Walijifunza. Watoto wao walizaliwa huko, wakacheza na watoto wa huko, na wengine hawakujua Kikongo ila katika sala. Wazazi walijenga, walipanda, walifanya yale yaliyo katika barua ya Yeremia kwa wafungwa wa Babeli: kutafuta amani ya mji waliopelekwa. Kanisa likapatikana pale ambapo Bula Matari alitaka lizikwe. Lilipopewa ruhusa tarehe 24 Desemba 1959, lilikuwa tayari na watu wa makabila ambayo Nkamba haikuyajua. Leo tunaimba kwa Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Hayo hayakutoka katika shauri la kamati. Yalitoka kwa wageni waliokubali kujifunza, na kwa wenyeji waliokubali kuwakaribia.

Kama wale wa Lualaba wangesema, "haya ni mambo ya wenyeji," wengi wetu tunaosoma bulletin hii tusingekuwa katika Kanisa.

Wajibu wa pande mbili

Upendo, Amri, Kazi: maneno haya matatu tunayasema kila siku, basi tuyatumie.

Kwa anayekuja. Jifunze lugha ya mahali. Hata sheria ya 2004 inamtaka mtu mgeni anayeomba uraia awe amekaa nchini miaka 7 na ajue kusema moja ya lugha za Kongo, na hilo si jambo zito. Msalimu mwami na shefu wa lokaliti. Ng'ombe wako wasile mihogo ya mwenzako, maana ng'ombe mmoja katika shamba amekwisha kuanzisha vita zaidi ya waziri. Ukinunua, nunua langoni, mbele ya mashahidi wa pande zote. Na usiwe na moyo uliofunga mizigo, mwili Masisi na jicho ng'ambo. Hakuna anayekukataza kupenda kwa babu yako na lugha ya mama yako. Lakini mahali watoto wako wanapokula, hapo pia pana haki juu yako.

Kwa anayepokea. Ukimtaka mtu awe kama ninyi, kubali siku atakapokuwa kama ninyi. Hapa ndipo ninapoona dhambi yetu kubwa. Tunamwambia mgeni: sema lugha yetu, oa kwetu, vaa kama sisi, zika kwetu. Anafanya yote. Kisha siku ya kugawa chakula, siku ya kura, siku ya kuchagua shemasi, tunamfungulia tena kitabu cha mababu. Hivyo ni kumtoza kodi isiyo na mwisho na bila kumpa hati.

Mwaka 2021 uliletwa bungeni mswada, watu waliuita sheria ya Tshiani, wa kuwafungia urais wa Jamhuri wale wasio na baba na mama Wakongomani. Waamini waliubishania hata katika nyua zetu. Kanisa halipigi kura bungeni. Lakini katika Kanisa tunayo nyua yetu na kwaya yetu, na hapo hatuwezi kumsingizia mbunge.

Jambo la mikono

Wazee wa parokia wafanye hivi kabla ya mwisho wa mwezi. Hesabuni watoto wa waamini wasioandikwa katika ofisi ya eta-sivili. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa, na kuandikisha ndani ya siku hizo ni bure. Baada ya hapo inahitajiwa hukumu ya tribinali, na gharama zake. Mtoto asiyeandikwa leo ndiye mtu mzima ambaye kesho ataulizwa babu yake alikuwa wapi mwaka fulani, naye hatakuwa na karatasi. Wakati wa vita wengi walizaa njiani na ofisi zilichomwa, hivyo msiwagombeze wazazi. Wasindikizeni. Mwenyeji na amsindikize mgeni, maana mbele ya karani shahidi wa mahali ana uzito.

Maulizo kwa vikundi: Katika kartie yenu nani anaitwa mgeni, na familia yake ina vizazi vingapi pale? Ibrahimu alikuwa na ahadi ya Mungu, kwa nini alilipa? Je, kuna Shiboleti katika parokia yetu, neno au jina linalotumiwa kuwanyamazisha watu? Na mama wa kwaya: wazee wanaomba kila kikundi kiandike jibu lake kwa swali lake, kwa mstari mmoja, na kulileta Jumapili ijayo. Yeye amekubali kuja kuyasikiliza.